Sheria ya Miti Mikavu

Moto ulipounguza nusu ya msitu wa Kwamkole, baraza la kijiji liliketi kutunga sheria. Tajiri Msangi, mwenye kiwanda cha mbao, akadai, "Miti mikavu ndiyo huleta moto. Anayeweza kuiondoa aiondoe, iwe mali yake." Kwa kuwa ni yeye tu aliyekuwa na lori, wanawake waliona kuni zao ndizo hizo zinakwenda.

Nakiete, mfinyanzi wa vyungu asiyekosa neno, akasimama.

"Tajiri kasema kweli. Ila tuikaze sheria. Mti wowote mkavu ulio kando ya msitu, umesimama au umelala, mzima au vipande, uondolewe bila kuuliza ni wa nani."

"Hapo umenena, dada!" alicheka Msangi, akawa wa kwanza kuinua mkono. Sheria ikapita.

Asubuhi alikurupushwa na vigelegele. Wanawake walikuwa wakitoka kiwandani kwake, palepale kando ya msitu, kila mmoja na ubao kichwani.

"Mbao zangu!" alifoka. "Nimezianika tangu masika, zimekauka kabisa!"

"Basi umeponea chupuchupu, kaka," alijibu Nakiete akijitwika wake. "Zingeshika moto wakati wowote."