Saini ya Alhamisi ya Nne

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani yangu mimi ni ya juzijuzi tu, palikuwa na mwalimu wa chuo aliyeitwa Teodosia Komba. Alifundisha historia ya kale: Misri, Kushi, Aksumu, wafalme waliokufa kabla babu wa babu zenu hajazaliwa. Mnanisikia huko nyuma? Basi sogeeni, mimi sipigi kelele.

Mwalimu Komba alikuwa mtu wa masharti. Siku ya kwanza ya muhula aligawa karatasi yenye masharti kumi na moja, akayasoma yote kwa sauti, na kila mwanafunzi akatia saini. Simu zizimwe. Kazi ya kunakili haisahihishwi. Mwenye kuugua au kuuguza alete barua. Sharti la nne: atakayekosa vipindi vinne bila barua hafanyi mtihani. Sharti la tisa: atakayemsainia mwenzake mahudhurio anafutwa kwenye kozi. Na la kumi na moja alijiwekea mwenyewe: mwalimu akichelewa nusu saa, kipindi hakihesabiwi, na ataandika hivyo kwenye kitabu cha vipindi. Darasa zima lilicheka. Mwalimu Komba na kuchelewa, wapi na wapi!

Muhula ukaenda, ukaenda, ikabaki siku moja kabla ya mtihani. Asubuhi hiyo Mwalimu alikuwa ofisini na orodha ya watahiniwa. Saa sita kamili ilitakiwa iwe imebandikwa ukutani. Mara akasikia hodi.

Aliingia Osmundi Haule, kijana mpole wa mwaka wa mwisho.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Una nini?”

“Nimekuja kusema mwenyewe kabla hujaniita. Nimekosa Alhamisi nne. Barua sina.”

Mwalimu akafungua jalada la mahudhurio. Akahesabu. Akahesabu tena. Osmundi alikosa Alhamisi tatu. Ya nne ilikuwa na saini yake.

“Na hii ni ya nani?”

Osmundi akainama kuitazama, akashtuka. “Si yangu, Mwalimu. Siku hiyo nilikuwa hospitali na mama.”

“Sasa barua ilikushinda nini?”

Kijana akaeleza. Mama yake alikuwa anaugua ugonjwa wa akili. Osmundi hakutaka barua yenye jina la wodi ile ipite mikononi mwa watu, na hayo aliyasema kwa taabu. Alibakiza mtihani huu mmoja amalize chuo. Kuna shule kijijini kwao ilikuwa inamngoja, afundishe huku akiwa karibu na mama. Mama huyo hakuwa na mtu mwingine. Nasema hakuwa na mtu.

Mwalimu alimwonea huruma, lakini saini ile ilimkera zaidi. Akaagiza aitwe Egno Mbele, kiongozi wa darasa, ambaye ndiye aliyezungusha karatasi ya mahudhurio kila Alhamisi. Egno akaja, na nyuma yake akaja Somoe Likwena, msichana aliyeongoza darasa kwa alama. Hakuitwa. Alikuja tu.

“Nani alisaini hapa?” akauliza Mwalimu.

“Ni mimi,” akasema Somoe kabla Egno hajafumbua mdomo. “Dada yangu ni muuguzi wodi ile, ndiyo maana najua anapokwenda Osmundi. Nilijua pia hatasema. Hakunituma, Mwalimu, wala hakujua. Nifute mimi, yeye mwache afanye mtihani.”

“Hapana!” akasema Osmundi. “Ningeleta barua, Somoe asingegusa jina langu. Nifute mimi.”

“Karatasi ilikuwa yangu,” akasema Egno. “Nilimwona anasaini, nikageuza uso. Nifute mimi.”

Mwalimu Komba akapiga meza. “Mnaniigizia tamthilia hapa? Wewe Egno ni kiongozi wa darasa! Umeaminiwa karatasi, unaficha uongo?”

Egno akatazama chini. “Mwalimu, naomba nisiseme zaidi.”

“Utasema! Tena sasa hivi!”

“Alhamisi ile niliwaficha watu wawili,” akasema Egno, polepole. “Ulichelewa, wenzangu wakanituma nije kukuita. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilikukuta umelala, kichwa juu ya majaribio yetu uliyokuwa unasahihisha. Nikaurudisha mlango. Nikawaambia wenzangu Mwalimu yuko kikaoni. Tukakungoja dakika hamsini, na hakuna aliyetoka.”

Lo!

Mwalimu aliikumbuka siku ile. Aliingia darasani anahema, akasema, “Samahanini, nilikuwa kikaoni,” na watoto wakaitikia kwa adabu. Alidhani bahati tu imemwangukia. Hakuna aliyemkumbusha sharti lake. Nani angethubutu? Mwanafunzi gani asimame amwambie Mwalimu Komba kwamba kipindi chake hakihesabiwi? Walimstahi, wakanyamaza, na yeye akaenda kuandika kwenye kitabu cha vipindi: kimefanyika, kimeanza kwa wakati, saa nane kamili. Akatia saini.

Aibu ilimshika, jamani, aibu ya mtu mzima mbele ya watoto.

Sasa nifuateni vizuri. Mwalimu akisema ukweli, kipindi kile hakihesabiwi. Osmundi anabaki amekosa vitatu, na anafanya mtihani. Lakini mwalimu aliyeandika kipindi kwa uongo, chuo kile humsimamisha kazi, na Mwalimu Komba alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, baada ya miaka thelathini bila doa. Akinyamaza, Osmundi anarudi nyumbani mikono mitupu, Somoe naye anafutwa, na Egno, ambaye angeweza kusema uongo mwingine akapona, anaondoka na sifa mbaya.

Na Somoe mwenyewe tumweke wapi? Wapo watakaosema alisaini karatasi ya kipindi ambacho hakipo, basi hana kosa. Haya. Lakini wakati anashika kalamu, yeye hakuwaza hivyo. Alijua anaghushi, akaghushi, kwa ajili ya mama wa mwenzake.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Nje wanafunzi walishaanza kukusanyika wakingojea orodha. Mwalimu akaivuta ile orodha karibu, akashika kalamu, akawatazama wale watatu. Hakuna hata mmoja aliyeinua macho kumtazama usoni. Hata hapo walikuwa wanamstahi.

“Kaeni,” akawaambia. “Msisimame mbele yangu.” Kisha chini ya orodha akaandika jina moja, la mtu wa kufutwa.

Ah, msinivute nguo! Sikuwaita hapa niwasomee jina. Nimewaita mniambie ninyi, maana mimi nimelala nalo siku nyingi na sijapata jibu. Mmoja alificha ugonjwa wa mama yake. Mmoja alighushi kwa huruma. Mmoja alidanganya kwa heshima. Na mmoja aliwafundisha wote ukweli, halafu akasaini uongo. Je, kati ya hao wanne, nani alistahili kufutwa?