Hodi Tatu kwa Yangeyange

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Hiyo ni pakawa ya watu walioshiba au ya wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale, kabla jogoo hajajua kuwika, palikuwa na nchi ya ukungu. Ukungu mzito, laini, ukitembea ndani yake unadhani unaota. Ndege wa huko hawakuruka, walitembea kwa miguu, na sauti ya mtu ilifika kabla ya mwenyewe. Ndiyo maana hodi ilikuwa kitu kikubwa kwao. Mtu alibisha hodi mara tatu. Asipokaribishwa, alirudi kwake.

Nchi nzima ilikuwa na duka moja tu la chumvi, la Bwana Yangeyange, ndege mweupe pe. Ndege weupe wakibisha hodi, aliitikia, "Karibuni, karibuni!" Aliwapimia chumvi safi na kuwatilia nyongeza. Weusi hakuwaitikia kamwe. Alitoboa tundu nyuma ya duka, kule penye taka, na humo akawapitishia chumvi ya kufagia, nusu mchanga, kwa bei ileile. Nao ndio waliokuwa wengi! Wakainama, wakanunua, miaka nenda miaka rudi. Jamani, mazoea mabaya.

Siku moja Bi Kanga alikwenda kununua chumvi ya harusi ya binti yake, Mwanamvua. Binti, aliyefuatana naye, alichungulia tunduni, akauliza, "Mama, kwani sisi hatujui kubisha hodi?"

Bi Kanga alirudi bila chumvi, akawaita ndege weusi wote. "Wenzangu," akasema, "kuanzia kesho tutabisha hodi mbele. Tusipokaribishwa, tunarudi kwetu. Tunduni haendi mtu."

Kunguru akang'aka, "Mama wee! Na harusi yako ya mwezi huu? Utawalisha wakwe chakula chapwa?"

"Nitaona haya," akasema Bi Kanga. "Lakini haya za tunduni nimezichoka."

Basi asubuhi wakatokeza ukunguni, wengi kama siafu. "Hodi! Hodi! Hodi!" Kimya. Wakarudi. Yangeyange alicheka mpaka akapaliwa. "Watarudi wenyewe. Nani anakula mtama bila chumvi?"

Wiki ya pili wakabisha hodi. Kimya. Wakarudi. Yangeyange hakucheka tena. Chumvi haipendi ukungu, isiponunuliwa hulowa, na magunia yalishaanza kuvuja. Akapiga kelele tunduni, "Nimepunguza bei! Nusu bei!" Wapi! Hakuja hata mmoja. Na ndege weupe walikuwa watano tu, tena walikula kidogo.

Wiki ya tatu, mkesha wa harusi, Yangeyange alimtumia Bi Kanga mfuko wa chumvi nyeupe safi. Ujumbe wake ulikuwa huu: "Hii ni yako peke yako. Usimwambie mtu."

Bi Kanga aliushika mfuko, akalia. Msimcheke! Nani asiyejua maneno ya wakwe? Kisha akaufunga. "Mrudishieni. Kunguru amekula chakula chapwa siku ishirini kwa ajili ya neno la mwanangu. Nitamtazamaje?"

Siku ya harusi, vyakula vikaandaliwa. Mama wa bwana harusi akatia tonge kinywani, akasita. Mwanamvua akainamisha kichwa.

"Mkwe," akasema yule mama, "chumvi mmeisahau?"

"Hatukuisahau, mkwe wangu," akajibu Bi Kanga. "Tumeikataa."

Yule mama akatafuna polepole, akameza. Akasogeza sahani yake. "Basi niongezeeni."

Lo! Vigelegele vilivyopigwa vilipenya ukungu mpaka dukani. Yangeyange alikuwa amesimama katikati ya magunia, maji ya chumvi yanamfika vidoleni. Alidhani harusi ndiyo itakayowavunja. Akavisikiliza vile vigelegele, akaogopa.

Kesho yake wakaja. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi!"

"Ka... karibuni," akasema Yangeyange.

Hawakuingia. Bi Kanga akauliza, "Na lile tundu?"

"Nitatafuta fundi."

"Fundi wa nini? Ulilitoboa mwenyewe."

Yangeyange akazunguka nyuma, penye taka, palepale walipoinamishwa wenzake miaka yote. Naye akainama. Akakanda udongo, akaziba tundu mpaka likafa, huku ndege wote wanamtazama. Alipoinuka, matope yalimjaa miguu, mabawa na shingo, na katika ukungu ule usingejua ni ndege wa rangi gani.

"Sasa tumeitikiwa," akasema Bi Kanga. Akamshika Mwanamvua, wakaingia kwa mlango wa mbele.

Mnasikia, wanangu? Anayekudharau huku anakula jasho lako, usimbembeleze. Mnyime jasho lako, nyote kwa pamoja, na atakuona.

Ngano yangu imetua hapo. Ikiwa tamu, ondokeni nayo kinywani. Ikiwa chapwa, niachieni mwenyewe, nimeshazoea.