Nyumba Isiyopitisha Hata Pumzi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga na kusengenyana kama sisi, Bi Pimbi aliishi mlimani kwenye ufa wa mwamba na wanawe wawili. Mdogo alikuwa akikohoa, na sasa umande ulianza kuganda juu ya majani.

Jirani yake, Bwana Nyati, alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo ya bonde, akajenga nyumba ya ajabu: kuta mbili mbili, katikati nyasi kavu zimeshindiliwa, kila upenyo umezibwa kwa nta. Joto la mwili wake tu lilitosha kuipasha. Bi Pimbi alipoomba wanawe walale humo ndani pembeni, Nyati alimweleza kwa upole mkubwa kwamba kufungua mlango ovyo kungevuruga hesabu zake za joto.

"Nimeelewa, bwana mkubwa," alisema Pimbi. "Ila nyumba hujaizindua."

Desturi ya mlima ilikuwa hivi: mwenye nyumba mpya hujifungia ndani na chungu cha maharage, majirani wakingoja nje mpaka akimalize. Katika vibanda vyao vyenye matundu kama chekecheke, desturi hiyo haikuwahi kumdhuru mtu. Pimbi akapika chungu kikubwa kuliko vyote, akatia na vitunguu.

Nyati akajifungia. Nje, majirani wakatega masikio. Wakasikia mwiko, kwaru, kwaru. Kisha, puuu. Kimya. Kisha puuu nyingine, ndefu.

"Bwana, hewa inapita?" Pimbi akauliza.

"Haiingii wala haitoki," Nyati akajibu, sauti imebanwa.

Punde mlango ukafunguka kwa kishindo! Nyati akatoka akihema, machozi yakimtiririka. Majirani wakaziba pua kwa adabu. Akasema ametoka kuitazama nyumba yake kwa nje, maana kitu kizuri namna ile si cha kulaliwa.

Pimbi akaafiki kwa unyenyekevu, kisha akauliza ni nani basi atakayeitunza.

"Kaa wewe na wanao. Lakini usitoboe hata tundu la sindano."

"Nithubutu, bwana?"

Jioni hiyohiyo akatoboa mawili, moja chini ukutani, moja juu karibu na dari, kila moja upana wa ngumi yake. Harufu ikaaga, joto likabaki. Mtoto akalala bila kukohoa.

Nyati naye yuko nje mpaka leo, pua imelowa, akiwaeleza wapita njia jinsi nyumba yake inavyohifadhi joto.

Basi, wanangu: ajengaye ili asifiwe huwajengea wenzake.