Pimbi Aliyerudi Mara Mbili

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitika kinyonge hivyo? Hamjala? Paukwa tena!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Ninyi leteni masikio, mimi naleta maneno.

Hapo zamani za kale, kwenye mlima mrefu wenye theluji kileleni, aliishi Bibi Pimbi. Mnamjua pimbi? Kanyama kadogo, hakana mkia, ukikaona kwa haraka utadhani panya aliyenenepa. Lakini jamani, akili ya bibi yule! Mimi mpaka leo namheshimu.

Ng'ambo ya mlima kulikuwa na magadi, ile chumvi ya ardhini ambayo wanyama huilamba wapate nguvu. Njia ya kwenda huko ilikuwa moja tu, nayo ilikatiza mteremko wa theluji. Wakati wa kiangazi mtu alipita huku anaimba. Lakini masika yakiisha, theluji mpya imelala juu ya ya zamani, na jua limeanza kuwaka tena, ole wake mwenye pupa! Theluji hulainika, ikaachia, ikateremka yote kwa pamoja na kuzoa mawe, miti na wapita njia.

Basi siku moja Mama Pongo, yule swala wa msituni, akaja kwa Bibi Pimbi analia.

"Bibi, nisaidie. Mwanangu hawezi kusimama. Asipolamba magadi ndani ya siku tatu, nitamzika."

"Nyamaza, mwanangu. Tutakwenda. Ila nikisema turudi, tunarudi. Umekubali?"

"Nimekubali, bibi."

Wakaondoka palepale. Njiani wakamkuta Nyati, naye anataka magadi, wakafuatana. Walifika mteremkoni jua likiwa utosini. Bibi Pimbi akatazama juu. Akachomeka kijiti kwenye theluji. Akatega sikio, akaimba:

*Mlima, mlima, umeamkaje?*
*Nipite leo, au nirudi?*

Vidonge vya theluji vikaanza kubingirika kutoka juu, kimoja, viwili, vitatu.

"Jua limeshailainisha," akasema. "Turudi. Kesho tuje alfajiri."

Nyati akacheka mpaka pembe zikatikisika. "Kiongozi gani huyu anayeogopa vidonge?"

Wakarudi. Mtoto alikuwa amelala vilevile.

Siku ya pili wakaja alfajiri. Lakini usiku ule mawingu yalikuwa yametanda na baridi haikushuka. Bibi Pimbi akatazama juu. Akachomeka kijiti, kijiti kikazama chote. Akatega sikio, akaimba:

*Mlima, mlima, umeamkaje?*
*Nipite leo, au nirudi?*

Theluji ikaguna chini ya miguu yao: vuum!

"Haikuganda usiku. Turudi."

"Bibi, imebaki siku moja!" akalia Mama Pongo.

"Najua, mwanangu. Turudi."

Nyati akasema, "Rudini ninyi, akina mama. Mimi ni dume!" Akaingia mteremkoni, pu! pu! pu! Mama Pongo akamkumbuka mwanawe, uchungu ukamzidi, naye akatia mguu mmoja kwenye theluji. Bibi Pimbi hakubishana naye. Alimng'ata mguu wa nyuma, akang'ang'ania!

Na hapo mlima ukaachia. Gruuuu! Nyati akabebwa kama kikapu kwenye mafuriko, akazama, akapotea.

Mama Pongo alifumba macho. Bibi Pimbi hakufumba. Alikazia macho pale pale Nyati alipoonekana mara ya mwisho. Vumbi jeupe lilipotulia, akatazama juu kwanza, akahakikisha hakuna theluji nyingine inayofuata, ndipo akapiga mbio.

"Hapa! Usilie, chimba!"

Wakachimba kwa kwato na kucha. Ikaonekana pembe. Ikaonekana pua. Nyati akavuta pumzi, dume zima linatetemeka! Kumbe asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye alibahatika, aliteguka tu.

Siku ya tatu wakaja kabla ya mapambazuko. Usiku ule anga lilikuwa wazi na baridi iling'ata masikio. Bibi Pimbi akatazama juu, pametulia. Akachomeka kijiti, kikagoma. Akatega sikio, akaimba:

*Mlima, mlima, umeamkaje?*
*Nipite leo, au nirudi?*

Kimya. Theluji imekaza kama jiwe.

"Tunapita. Mmoja mmoja! Mmoja akivuka, wengine wanasimama kwenye mwamba wakimtazama."

Bibi akavuka. Mama Pongo akavuka. Nyati, huku anachechemea, akasema kwa adabu, "Mimi ni mzito, bibi. Niacheni niwe wa mwisho."

Wakafika kwenye magadi. Mama Pongo akataka kulamba kidogo.

"Utalamba nyumbani! Jua halina subira," akafoka bibi.

Mama Pongo akabeba bonge la magadi mdomoni, wakarudi vilevile, mmoja mmoja. Jua lilipopanda, mteremko ule ukaporomoka tena. Haukumkuta mtu.

Mtoto akalamba. Jioni akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akaanguka. Akainuka tena. Akasimama!

Mama Pongo akampigia magoti Bibi Pimbi. "Bibi, nisamehe. Siku ya kwanza nilikuona mwoga. Siku ya pili nilikuchukia kwa moyo wangu wote."

"Nilijua," akasema Bibi Pimbi. "Heri unichukie, mtoto awe na mama."

Mnasikia, wajukuu zangu? Kwenda mbele hata mjinga anaweza. Kurudi, huku unachekwa na unachukiwa, na kesho ukajaribu tena, huo ndio ushujaa. Mlima hauondoki, usiuendee siku uliyokukataza.

Ngano yangu nimeitua hapa. Penye utamu lambeni, penye chumvi nyingi nisameheni mimi.