Maji Asiyoyamwaga Mama Tausi

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, ni enzi hizi hizi za "acha CV yako, tutakupigia", palikuwa na chuo chenye maabara moja na idara mbili. Asubuhi waliingia watu wa udongo, waliotumia fosforasi ya mionzi kufuatilia mahindi yanavyokula mbolea. Mchana waliingia watu wa samaki. Kuchangia chumba namna hiyo kulihitaji kibali, na mkaguzi wa mionzi alikuwa anakuja siku ile saa tisa. Akikuta uchafu wa mionzi, mlango unafungwa.

Hakuna aliyekiombea kibali hicho kama Nyamizi. Ana first class ya kemia, na miaka minne yote "anajitolea" hapo, neno zuri la kumfanyisha mtu kazi bure. Kibali kikipita, chuo kitaajiri msimamizi wa maabara. Mmoja tu.

Saa nane akakuta vurugu. Mama Tausi, mfanya usafi, amekingamisha mti wa dekio mlangoni, na wanafunzi thelathini wa samaki wanapiga kelele.

"Mama, excuse us, tuna practical!"

"Kafanyieni kwenu. Hapa hapiti mtu."

"Kwani kuna nini?"

"Kuna maji sakafuni."

"Si upige deki!"

"Maji ya jengo hili namwaga mimi. Haya siyajui. Ni ya nani?"

Wakaangua kicheko. Nyamizi hakucheka. Akavaa glavu, akachukua kipima mionzi, akakiinamisha sakafuni. Kikalia trrrrr, kama bisi sufuriani.

Bye-bye kibali. Bye-bye ajira.

Mara Lukumay, fundi wa maabara wa idara ya udongo, ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, akatokea chumba cha ndani cha kubadilishia nguo, anaruka kwa mguu mmoja, kiatu kimoja, kilichorukiwa na maji yale, kakitia kwenye mfuko.

"Ni mimi, Dada Nyamizi. Nilidhani kichupa cha fosforasi nimekifunga."

"Unajisema mbele ya watu wote hawa? Ungenyamaza, nani angejua?"

"Hakuna. Ila nilipita hapa, nikaenda pale, nikarudi huku. Nisiposema, utafuta wapi?"

Akaonyesha. Nyamizi akafuta, akapima: trrrr. Akafuta, akapima: trr. Akafuta, akapima: kikatulia. Karatasi zote za kufutia, pamoja na kile kiatu, zikaenda kwenye pipa la taka za mionzi. Akapima viatu vya wanafunzi: salama. Miguu ya Lukumay: salama. Kandambili za Mama Tausi: salama.

Korido nzima ikashusha pumzi. Waliokuwa wakimfokea Mama Tausi wakamkumbatia. Lukumay akakaa chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Mkaguzi akaja, akasikiliza yote, akapima mwenyewe, akatia sahihi. Vigelegele! Kisha akamgeukia Mama Tausi. "Hii alama ya njano mlangoni, yenye mabawa matatu, unaijua?"

"Si panga boi hilo? Miaka minne nangoja fundi aje alifunge. Joto litatuua humu."

Watu hoi kwa kicheko. Mkaguzi hakucheka. "Nani alipaswa kumfundisha?"

Nyamizi akatazama vidole vyake. Kumfundisha kila mtu alama ya hatari ya mionzi ilikuwa kazi yake. Maprofesa aliwafundisha, tena kwa slaidi. Mfanya usafi alimruka.

Mkuu wa chuo, aliyekuja na mkaguzi, akatoa ufunguo wa msimamizi wa maabara. "Haya, nimpe nani?"

"Nimesafisha mimi," Nyamizi akasema. "Pasipo mimi mngekuwa mnakimbizana tu. Miaka minne, please!"

"Umesafisha kwa sababu nilizuia, mwanangu," akasema Mama Tausi. "Hawa wangeingia, ungefuta miguu sitini mpaka mabwenini. Hiyo alama nifundisheni, kesho nimeijua."

Lukumay akasema, "Kumwaga nimemwaga, sikatai. Lakini vitu hivi mnataka avishike nani, asiyewahi kumwaga au asiyeficha?"

Mkuu akawatazama mmoja mmoja, ufunguo unaning'inia kidoleni. Nyamizi alijisikia mwepesi, kwani hakuna aliyeumia, na bado aliutaka ule ufunguo vibaya sana.

Haya wenzangu, semeni, na kila mtu atoe sababu yake: wako watatu, ufunguo ni mmoja. Je, nani aliustahili?