Miguu ya Mzee Bundi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa ya watu wenye njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na wewe baba hapo nyuma, funga mdomo usije ukameza nzi.

Hapo zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, alikuwepo Mama Panya. Alikuwa na watoto wengi, akabaki na mmoja. Wengine walinyakuliwa mlangoni pa shimo, jua likizama. Hakusikia mbawa. Hakusikia hata fyu. Alikuta nyayo tu kwenye vumbi.

Nyayo zenyewe zilimvuruga kichwa. Leo vidole vitatu mbele, kimoja nyuma. Kesho viwili mbele, viwili nyuma. Akazitazama, akazizunguka, akazitazama tena. Mwizi ni mmoja au wawili? Akalia mpaka sauti ikamkauka.

Wanyama wakakusanyika. Wakasema vitatu kwa kimoja ni mguu wa Kanga. Kanga akaapa kwamba yeye hula mbegu na wadudu, mtoto wa watu atamfanyia nini? Hawakumsikiliza. Wakamkamata, nyofu, nyofu, wakamnyofoa manyoya ya kichwa. Wakasema viwili kwa viwili ni mguu wa Kigong'ota, yule anayetoboa miti. Naye wakamfunga kamba.

Jioni ile ile, wale wawili wakiwa kifungoni, yule mtoto aliyebaki akaponea chupuchupu. Na mlangoni, nyayo za aina zote mbili! Hapo wanyama wakachanganyikiwa kabisa. Huyu akasema Kanga ana ndugu. Yule akasema Kigong'ota ana miguu ya akiba. Hata mimi ninayesimulia nilichanganyikiwa.

Wakampelekea kesi Mzee Bundi, kwa kuwa ni mkimya na ana macho makubwa. Bundi alikuwa tawini, anasinzia. Akaamua washtakiwa wafukuzwe msituni, na mtoto aje alale chini ya mti wake, Bundi mwenyewe amlinde. Wote wakashukuru. Mama Panya naye akashukuru, akamshika mtoto mkono, akasogea.

Akainua macho. Bundi alikuwa ameshika tawi, vidole vitatu mbele. Bundi akajisogeza akae vizuri. Kidole cha pembeni kikageuka, taratibu, kikaenda nyuma. Viwili mbele, viwili nyuma. Mama Panya akafikicha macho. Akatazama tena.

"Mzee wangu," akasema, "kabla sijakuachia mwanangu, hebu shuka ukanyage hapa vumbini."

Bundi akajirusha kimya, kucha wazi, viwili huku, viwili huku, kama koleo. Mama Panya akamsukuma mtoto chini ya mzizi. Kwap! Kucha zikafumbata udongo. Alipotua aliacha viwili kwa viwili. Alipopaa akaacha vitatu kwa kimoja. Wote wakaona.

Wafungwa wakafunguliwa, wakaombwa radhi mpaka waombaji wakachoka. Kanga akawauliza, "Na manyoya yangu?"

Mpaka leo kichwa chake ki wazi.

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikii: msimwadhibu mtu kabla hamjajua, na anayeamua kesi naye atazamwe miguu. Hadithi yangu imekanyaga hapa, ikaacha unyayo, ikaenda zake.