Bi Nguchiro na Mashua Iliyooza

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakijenga nyumba za udongo, wakiazimana chumvi na kusutana barazani, ilitendeka dhuluma. Naam, naanza na dhuluma, maana hadithi hii kila nikiisimulia roho inaniuma. Kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna muhogo, tafuna polepole, nisikike.

Kando ya mto mkubwa alikaa Bi Nguchiro, mjane mwenye mwili mdogo na mdomo mkali. Majirani zake walikuwa Pimbi, Kindi na Panya Buku, wanyonge wote, wanaishi bondeni. Kila masika mto ulifurika ukawaingilia majumbani. Ng'ambo kulikuwa na kilima kikavu, lakini nani awavushe? Masika yaliyopita maji yalimchukulia Bi Nguchiro watoto wawili. Wawili, jamani! Na Kifaru na Nyati walikuwa wamesimama pale pale, maji yanawafika magotini, wanatazama tu.

Basi ukingoni palikuwa na mashua kuukuu ya mbao, imelala ubavu miaka na miaka. Kifaru, mwenyekiti wa mto, alikuwa akiitumia kujikunia mgongo. Krua! Krua! Krua! Mbao zikawa zinamomonyoka.

Bi Nguchiro akamwendea.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Sema upesi, nina mkutano."

"Naiomba ile mashua. Nataka niitengeneze kabla ya masika."

Kifaru akacheka mpaka masikio yakatikisika. "Ile? Ile ni kuni, mama! Chukua kabisa! Nyati, umesikia? Nguchiro anataka kuwa nahodha!"

"Nimesikia," akasema Nyati. "Mpe, na mchwa wake umpe."

Akapewa. Kwa mdomo wa mwenyewe, mbele ya shahidi.

Kazi ikaanza. Panya Buku alitafuna mbao zilizooza mpaka akafika kwenye nzima. Kindi alipanda miti akachagua ya kupasua mbao mpya. Pimbi alipiga misumari, ko! ko! ko!, na kila wa tatu aliupiga kwenye kidole chake mwenyewe. "Ayaa! Mama yangu!" Bi Nguchiro ndiye aliyekalafati: alisokota pamba, akaichovya kwenye mafuta ya samaki, akaishindilia katika kila upenyo kati ya ubao na ubao, maji yasipite. Viganja vilimtoka malengelenge. Alinuka samaki hadi watu wakawa wanamwamkia kwa mbali.

Miezi mitatu walifanya hivyo. Kifaru alipita kila siku, na hakushika hata nyundo.

Ikafika siku ya kushua chombo, yaani kukiingiza majini. Siku hiyo, kama ilivyo ada, kijiji kizima huja kuvuta, na mwenye chombo huwapikia. Bi Nguchiro alikopa sufuria kwa huyu na mwiko kwa yule, akapika wali wa nazi na kunde. Wanyama wakaja kwa shangwe, vigelegele juu. Mashua ilikuwa inang'aa kwa mafuta, imesimama sawasawa juu ya magogo.

Akatokea Kifaru kwa kanzu mpya, Nyati nyuma yake. Akaizunguka mashua. Akaipiga kofi ubavuni, pwaa!

"Mashua nzuri hii," akasema. "Ya marehemu babu yangu."

"Babu yako?" Bi Nguchiro akaacha mwiko. "Babu yako yupi? Si uliniambia ni kuni?"

"Kuni nazo zina mwenyewe."

"Ulinipa mbele ya Nyati! Nyati, sema!"

Nyati akatazama kwato zake. "Mimi siku hiyo nilikuwa na homa."

"Homa! Huoni haya, pembe zote hizo kichwani?"

"Kelele!" akanguruma Kifaru. "Atakayetaka kuvuka masika haya atanilimia shamba msimu mzima. Asiyetaka, aogelee."

Mmesikia, watoto? Aogelee! Anamwambia hivyo mama aliyefiwa na wawili kwa maji! Mimi ningekuwepo ningemmwagia sufuria ya kunde, na ya moto.

"Tumpige?" akanong'ona Pimbi.

"Umpige kwa nini? Kwa hicho kidole kilichovimba?" akajibu Bi Nguchiro. Machozi ya hasira yalikuwa yanamlenga. Akapeleka mkono kwenye pindo la kanga ajifute, vidole vikagusa kitu kigumu alichokifunga humo. Nguruzi.

Hamjui nguruzi? Ni kizibo cha mti. Kila mashua ina tundu chini sakafuni. Ikiwa nchi kavu tundu huachwa wazi, maji ya mvua yatoke. Siku ya kushua, mwenye chombo huliziba kwa mkono wake mwenyewe, na hiyo ndiyo kazi ya mwisho. Kila aliyewahi kutengeneza mashua analijua hilo. Aliyekuwa akijikunia mgongo atalijulia wapi?

Bi Nguchiro akalainisha sauti, tamu kama uji wa mgonjwa.

"Bwana mwenyekiti, labda mimi ndiye niliyesahau. Ila ada ya kushua unaijua. Kuna kazi moja ya mwisho, mwenye chombo huifanya kwa mkono wake. Umeshaifanya?"

Kifaru akamtazama Nyati. Nyati akatazama mawingu.

"Nimeshaifanya!" akasema Kifaru.

"Lini?"

"Alfajiri. Nyinyi mmelala, mnakoroma."

"Na umeifanya vizuri?"

"Vizuri sana! Unifundishe wewe mashua ya babu yangu?"

"Hasha! Majirani, mmemsikia? Anasema ameshaifanya."

"Tumemsikia!"

"Basi tushueni chombo cha mwenyekiti. Naye atangulie peke yake na shahidi wake, kama anavyostahili."

Wakavuta. "Hayaaa!" "Twende!" "Hayaaa!" "Twende!" Mashua ikateleza juu ya magogo, chubwi! majini. Kifaru akapanda, tako moja ndani, jingine nje. Nyati akashika upondo, akasukuma mpaka katikati ya mto.

Bubu. Bubu. Bubububu.

"Nyati! Umekojoa?"

"Mimi? Koma!"

"Mbona miguu yangu imelowa?"

"Na yangu pia! Mwenyekiti, maji! Maji yanaingia!"

Maji yakafika magotini. Yakafika tumboni. Kanzu mpya ikafura kama andazi. Kifaru, ambaye kuogelea hakujua hata kidogo, akapiga ukelele.

"We Nguchiro! Mashua yako mbovu!"

"Yangu?" akauliza Bi Nguchiro kutoka ukingoni. "Sasa imekuwa yangu?"

Ukingo mzima ukaangua kicheko. Bi Nguchiro akafungua pindo, akainua nguruzi juu, kila mtu aione.

"Hii hapa kazi ya mwisho, bwana Kifaru! Kuziba tundu! Ile ya alfajiri uliziba nini, pua yako?"

"Kamba! Tutupie kamba, tunakufa!"

"Semeni kwanza, na wa ng'ambo wasikie. Mashua ya nani?"

"Yako! Yako, Bi Nguchiro!"

"Na wewe Nyati, homa imepoa?"

"Imepoa! Alikupa, nilisikia kwa masikio yangu!"

Akawatupia kamba. Kuzama alikujua ni nini, hakuweza kumtakia mtu, hata wale. Wanyonge wote wakavuta, na ile mashua nayo ikavutwa. Kifaru na Nyati wakatoka wameenea tope hadi kwenye pembe, wakapita katikati ya akina mama wanaopiga makofi na kuwaimbia, "Sema tena ya babu yako! Sema tena!" Hawakusema tena.

Maji yakakombwa. Bi Nguchiro akashika nguruzi, akaipigilia mwenyewe, ko! ko!, ikakaa.

Siku ya nne mvua ikashuka, mto ukapanda. Bi Nguchiro akavusha Pimbi, akavusha Kindi, akavusha Panya Buku na wanawe kumi na wawili wenye kugombana, na wa kwake watatu waliobaki. Juu ya kilima akahesabu vichwa vya watoto. Akahesabu tena. Walikuwepo wote. Hapo ndipo alipokaa chini, akalia kwa sauti.

Ukiidai kazi ya mwenzako kuwa yako, ipo siku utaulizwa ulivyoifanya.